Mavi ya Waslavi Mbele ya Mama Mkwe

Mhadhiri wa asili ya maneno alitugawia maneno kwa vikaratasi vilivyokuwa ndani ya kofia yake ya sufu. Jirani yangu wa kushoto alipata theluji, wa kulia asali. Mimi nikapata mavi.

Neno lenyewe lilikuwa la Waslavi wa kale, *govьno, na kile kinyota cha mbele maana yake hakuna aliyewahi kulikuta limeandikwa; wataalamu wamelijenga upya kwa kulinganisha Kirusi, Kipolandi, Kibulgaria na ndugu zao. Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya darasa na kueleza lilikotoka. Ningeifanya kwa raha kama mama mkwe asingekuwa ameingia Toronto wiki ileile.

Hakuja kutembea tu. Baba mkwe alimtuma aje kuona ni masomo gani hayo yaliyomfanya mwanamume mzima aache kazi ya benki Dodoma, akakae ghorofani mtaa wa Jane na Finch kwa mshahara wa mkewe. Akirudi na jibu baya, simu ya kumwita binti yao nyumbani ingefuata, na mke wangu alikuwa amechoka kiasi cha kuitika. Niliogopa, sifichi.

Kwa siku tano nilijifungia bafuni kufanya mazoezi, maana kwetu mkwe hatamki neno hilo mbele ya mama wa mkewe hata nyumba ikiwaka moto. Aliponiuliza nasomea nini, nikasema historia ya vitu.

"Historia ya vitu," akarudia taratibu, akimtazama binti yake.

Siku yenyewe akavaa koti la mke wangu juu ya vitenge viwili, tukapanda basi hadi chuoni, akaketi mstari wa mbele.

Nilizungumza Kiingereza, asichokijua, lakini kila nikimtazama ulimi uligoma. Nikazunguka weee: kile kitu, jambo lile, tulichokitaja. Mrusi mmoja wa nyuma akauliza kama tunazungumzia chakula. Kwa aibu nikachora ng'ombe ubaoni, mshale ukitokea nyuma yake, nikaeleza kwamba neno lilitokana na shina la kale lenye maana ya ng'ombe; kwanza lilikuwa la zizini, kisha likaenea kwa viumbe wote. Mhadhiri akauliza kwa nini lianzie kwa ng'ombe. Nikaanza kumwongezea ng'ombe mkia.

Mama mkwe akanyoosha mkono. "Baba, wanakuuliza nini kuhusu huyo ng'ombe?"

"Wanauliza kwa nini watu wa kale walianza kutaja… cha ng'ombe, mama," nikasema, macho kwenye viatu vyangu.

"Samadi," akasema, akinipa neno la heshima. "Waambie ndiyo unayoishika kwa mikono. Unasiriba nayo sakafu, unaitia shambani, kuni zikiisha unaiwasha. Hiyo nyingine nani ahangaike kuipa jina?"

Nikatafsiri. Mhadhiri akaliandika jibu hilo daftarini, neno kwa neno.

Tuliporudi nyumbani akampigia baba mkwe. "Nimeliona darasa kwa macho yangu. Mkweo anasomea ng'ombe, na Wazungu wanaandika anachosema."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu baridi ianze, kwa hiyo sikusahihisha kitu. Hadi leo ndama wake akiharisha, baba mkwe hunipigia mimi kwanza. Nami humpigia kwa siri daktari wa mifugo wa Dodoma, kisha namjibu mzee kwa sauti ya msomi.