Kibali cha Kutembelea Ziwa

Mwaka wa pili baada ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, baba alianza kuniomba nimwandikie barua ya kwenda ziwani. Ziwa lile dogo na mabwawa yake ya mafunjo, upande wa Malagarasi, lilikuwa limeshawekwa chini ya hifadhi, na bila kibali huingii. Baba alikuwa na mizinga minane huko, aliyoitundika kwenye miyombo tangu ujana wake. Alisema mikono imeanza kumtetemeka, na mwaka ule ndio ungekuwa wa mwisho kwake kupanda mti. Alitaka kurina asali mara moja tu, kisha basi.

Mimi nilikuwa mwalimu mpya, najiona msomi. Niliamini ukisema unakwenda kurina, ofisi itakuuliza maswali mpaka mvua zianze. Kwa hiyo nikaandika kwamba mimi na baba tunaomba kutembelea ziwa. Kibali kilitoka baada ya siku nne, na kichwa kikanivimba.

Lori lilitufikisha nusu ya njia. Kutoka hapo tulitembea siku nzima na asubuhi ya pili, jua la kiangazi likituchoma, mbung'o wakituuma juu ya nguo. Baba alibeba debe na kamba ya kupandia. Mimi nilibeba muhogo na malalamiko. Miguu ilivimba, nikaishiwa hata hamu ya kuuliza tumebakiza kiasi gani. Nasema ukweli: maji yalipoonekana kati ya mafunjo, viboko wakikoroma, sikuona uzuri wowote. Nilitaka kulala.

Bwana nyama, askari wa hifadhi pale ziwani, alitupokea vizuri, akatupa maji ya kunywa, akasoma kibali mara mbili. Kisha akalitazama debe. Alimweleza baba kwa heshima kwamba karatasi inaruhusu kutembelea tu, haisemi asali, na yeye ana wakubwa zake. Baba aliomba apande japo mti mmoja. Akakataliwa.

Tulisindikizwa hadi kwenye miti. Mizinga sita ilikuwa bado juu, nyuki wakiingia na kutoka. Baba alipita mti kwa mti, akishika shina, akitazama juu, akihamia mwingine. Alipomaliza alinigeukia.

"Uliandika nini, mwanangu?"

"Niliandika tunakuja kutembelea. Niliona ndiyo njia rahisi."

"Mimi nilikwambia asali."

Hakupandisha sauti. Bwana nyama aligeuka, akajifanya anatazama ndege. Niliona aibu mpaka nikatamani baba anikemee, lakini alikuwa amechoka kuliko mimi, na safari ya kurudi ilikuwa bado mbele yetu.

Njiani tuliongea habari za mashamba kama kawaida. Nyumbani pia hakunisema kwa mtu. Ila tangu siku ile barua zake zote, hata zile za kumjulia hali dada yangu kule Kasulu, alizipeleka Kibondo kwa mwenye duka mmoja mwenye asili ya pwani, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Mimi nilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwake, nafundisha watoto wa watu kuandika barua.

Siku moja nilimuuliza yule mwenye duka kama baba humsumbua. Akasema hapana, ni mzee mtaratibu, ila kabla bahasha haijafungwa huomba asomewe kila neno, mara mbili.