Kamba ya Chumba Namba Nne

Mama Stoo alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na tatu katika stoo ya kiwanda cha rangi, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza jambo lisilohusu makopo. Jina lenyewe alipewa na madereva, likamganda. Alikuwa mjane asiye na mtoto, akiishi na dada yake mkubwa katika nyumba ya vyumba viwili ambamo kila kikombe kilikuwa na mahali pake na kila kiatu kilimjua jirani yake. Dada yake alizoea kumtania kwamba siku yake ya mwisho atafufuka kidogo, alinyooshe jeneza, kisha alale tena. Mama Stoo alicheka, lakini kwa kweli kitu kilichokaa upande kilimnyima raha.

Mwaka ule uongozi wa kiwanda ulianzisha Siku ya Kujitolea. Kila idara ilipelekewa karatasi ya kuandika majina, na chini yake pakaachwa nafasi ya mkuu wa idara kueleza kwa nini fulani hakuandika lake. Kwa hiyo wafanyakazi wakaiita Siku ya Kutolewa. Mama Stoo hakuhitaji kusukumwa. Aliandika jina lake kabla ya wengine wote, kwa herufi kubwa, maana tangu mumewe afariki hakuna mahali alipokuwa akihitajiwa baada ya saa za kazi.

Walikwenda kwa mabasi mawili ya kukodi, wote wamevaa fulana za njano. Yake ilimbana mabegani. Walipelekwa kwenye makao ya wazee wasioona, jengo refu la chini lenye ukumbi mrefu katikati na vyumba kila upande. Wazee walikuwa wameshatolewa mapema, wamekalishwa barazani mstari mmoja, wamepewa keki na soda, na spika kubwa imewekwa karibu na masikio yao. Afisa Uhusiano wa kiwanda, kijana mtanashati, mwepesi wa kucheka, alikimbia huku na huku akipiga picha.

Mama Stoo na vijana wawili wa maabara walipewa chumba namba nne. Kilikuwa na vitanda vitatu vya chuma. Walivisogeza katikati, wakavifunika magazeti, wakapaka kuta mpaka saa nane. Vijana walipokwenda kula, yeye akabaki kurudisha vitu.

Kilichomsumbua tangu asubuhi ni kitanda cha pembeni. Kilikuwa kimekaa hovyo karibu na mlango, na kabati lake dogo likiwa limeegemezwa kwenye ukuta usio wake. Tena palikuwa na kamba. Ilikuwa imesukwa kwa vitambaa vya kila rangi, imekuwa nyeusi kwa kushikwashikwa, imefungwa kwenye mguu wa kitanda, ikapitishwa kwenye misumari ukutani na kutoka nje ya mlango. Asubuhi, kabla ya kupaka, aliifungua kwa vidole mwenyewe, akadhani ni ya kuanikia nguo, na akashangaa watu wanaanika nguo ndani ya chumba cha kulala. Sasa aliikunja, akaitia kwenye gunia la takataka pamoja na magazeti na brashi zilizochakaa. Kitanda akakiweka chini ya dirisha, ili mwenyewe apate mwanga na hewa. Kabati akaliweka pale penye nafasi, kando ya njia ya mlangoni.

Alirudi nyuma hatua mbili, akatazama, akaridhika. Afisa Uhusiano akapita na kumpiga picha, mkono wake ukiwa juu ya kitanda. Kisha honi ya basi ikalia, wakaondoka wakiimba.

Siku kumi baadaye nesi wa yale makao alifika stoo kuchukua makopo ya rangi nyeupe yaliyoahidiwa. Alikuwa mama wa makamo, mchovu, mwenye sauti ya taratibu. Wakati makopo yanapakiwa, akawa anazungumza tu, kupitisha muda. Alisema kuna mzee wao mmoja, alikuwa fundi cherehani, wote wanamwita Fundi. Asubuhi iliyofuata baada ya wageni kuondoka aliamka kwenda msalani, akapapasa kamba yake asiipate, akajaribu kwenda kwa kukumbuka, akalipiga kabati kwa goti na kuanguka. Nyonga imevunjika. Walishapiga simu ofisini hapo kiwandani, wakaambiwa litashughulikiwa.

"Hatumlaumu mtu," nesi alisema. "Siku ile watu walikuwa wengi."

Mama Stoo aliuliza ni chumba gani, ingawa alikuwa ameshajua.

Alipanda ofisini na aproni yake. Afisa Uhusiano alikuwa anajua habari zote. Alimkaribisha kiti, akafunga mlango, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Mezani palikuwa na jarida la kiwanda, limetoka siku hiyohiyo, na picha ya mbele ilikuwa ya Mama Stoo dirishani, akitabasamu.

"Mama, tulikwenda kwa nia njema," alisema. "Tukianza kutafuta nani alisogeza nini, mwakani hakuna atakayekwenda. Tuwaachie wao, tutawapelekea kitu kidogo cha kumpa pole."

Hakuwa mtu mbaya, na Mama Stoo alilijua hilo. Alishuka, akamaliza saa zake za kazi.

Jumamosi alikwenda peke yake. Alimkuta Fundi amelala chali chini ya lile dirisha, mzee mwembamba, vidole vyake vikikunja pindo la shuka na kulikunjua. Hospitali walikuwa wamemrudisha, wakisema mwili wake hautaweza upasuaji. Jua lilikuwa linampiga usoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sauti ngeni hiyo. Nani?"

Alikuwa amejiandaa njia nzima. Lakini akasema tu kwamba anatoka kiwanda cha rangi.

"Kumbe mpo," Fundi alisema. "Nilidhani mlikuwa wa siku moja."

Kisha akauliza ni rangi gani waliyopaka, kwa sababu tangu siku ile ananusa tu na hakuna aliyemwambia. Kwa mazoea ya kazi Mama Stoo akamjibu namba yake, mia mbili na kumi. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akasema hata namba haioni. Ndipo akamweleza kwamba ni kama chai iliyozidi maziwa. Fundi akaiwaza, akasema inafaa kwa shati, kwa ukuta hana hakika. Kabla ya kuondoka, Mama Stoo na nesi walikisogeza kitanda kwenye kivuli, wakimwuliza kila hatua.

Akawa anakwenda kila Jumamosi. Alimsomea gazeti, alimkata kucha, alimlisha siku mkono ulipokuwa unatetemeka. Fundi alimzoea, akawa anamtambua kwa mwendo tangu ukumbini. Siku moja, bila kuulizwa, akamweleza habari za kamba. Macho yalipomwacha na duka lake likafungwa, alitoka na mfuko mmoja wa vipande vya vitambaa, mabaki ya nguo za wateja wa miaka arobaini. Mwezi wake wa kwanza pale makaoni alivisuka. Fundo moja lilimaanisha mlango, mawili kizingiti, matatu bafu. Kwa miaka saba alikwenda na kurudi bila kushikwa mkono na mtu. Sasa anawekewa beseni kitandani, na vijana wa zamu hawafungi hata mlango.

"Nesi aliitafuta mpaka jalalani," alisema. "Labda mtu aliiona uchafu."

Mama Stoo alikuwa anakunja gazeti. Alilikunja mara nne, akalikunjua, akaliacha.

Dada yake aliona anavyokonda, akamhoji hadi akapata yote. Hakumwonea huruma. Alimwuliza anakwenda kule kwa ajili ya mzee au kwa ajili yake mwenyewe. Kisha akasema, kwa upole zaidi, kwamba mtu asiyeona ameshafichwa mengi, asifichwe hilo pia.

Jumamosi ya tisa akapiga moyo konde. Alimwambia yote, kuanzia karatasi ya majina hadi gunia la takataka. Hakujitetea. Alipomaliza, vidole vya Fundi vilikuwa vimetulia juu ya shuka.

"Uliikata kwa kisu?" Fundi aliuliza.

"Hapana, baba. Niliifungua kwa mkono."

"Fundo langu halifunguki upesi."

"Ilinichukua muda."

"Basi ulijua kuna mtu aliifunga."

Mama Stoo alivitazama vidole vyake mwenyewe.

"Na mimi nilikuwa pale barazani," mzee alisema. "Hatua thelathini. Nimekaa na keki mkononi."

Hakupandisha sauti. Aligeuza uso upande wa ukuta, na mzee wa kitanda cha pili akajifanya kukoroma. Kisha akamwambia, "Nenda, mwanangu. Jumamosi ijayo usije."

Alitii. Jumamosi tatu alishinda nyumbani, na dada yake hakumtania kitu. Ya nne alishindwa kujizuia. Alinunua machungwa, akasema atayaacha kwa nesi tu na kurudi. Nesi alimpokea getini, akamshika kiwiko kabla hajasalimia. Fundi alikuwa amefariki Jumatano, baada ya chakula cha mchana. Kifua kilikuwa kimejaa kwa kulala sana. Alizikwa kesho yake kwenye makaburi ya manispaa, wakamsindikiza wafanyakazi sita wa makao na mteja wake mmoja wa zamani aliyesikia habari kwa bahati.

"Alisema lolote juu yangu?" Mama Stoo aliuliza.

Nesi alifikiri. Hakuwa mtu wa kutunga maneno ya kufariji.

"Jumamosi ile ya kwanza aliuliza kama umekuja. Nikamwambia hujaja. Akasema, vizuri."

Neno hilo Mama Stoo alilibeba miezi yote iliyofuata, akiligeuza huku na huku, na hakupata kujua lilikuwa la mtu aliyekasirika au la mtu aliyekuwa akisubiri.

Karatasi ya Siku ya Kujitolea ilipozunguka tena, hakuandika jina. Mkuu wa idara alimbembeleza, kisha akanuna. Mwishowe Afisa Uhusiano alishuka mwenyewe stoo. Mama Stoo alimwambia yule mzee amekufa, na kijana akainamisha kichwa, akasema alikuwa hana habari. Akamwambia pia kwamba popote watakapokwenda, kabla ya kugusa kitu, mtu mmoja apangiwe kazi ya kumwuliza mwenyewe. Kijana alisema ni wazo zuri, akaliandika kwenye simu yake. Mwaka ule walikwenda kupaka shule. Walirudi jioni na fulana zimechafuka, wana furaha, na hakuna aliyemwambia kama kuna mtu aliyeulizwa.

Wiki ileile alikwenda makaoni. Kitanda cha Fundi kilikuwa na mgeni, dereva wa malori aliyepofuka kwa sukari, mkali, hajazoea bado. Mama Stoo alisalimia tokea mlangoni, akaomba ruhusa ya kuingia. Yule mzee akamwuliza anatoka shirika gani na amekuja kufanya nini.

"Sitoki shirika lolote. Nimekuja tu, ukiwa na la kunituma."

"Sina," mzee alisema. "Na usiguse kitu."

Alivuta kiti, akakaa, mikono yake ikiwa mapajani. Mzee alisikiliza kama ameondoka, akasikia hajaondoka, akageukia ukutani. Siku ile hakumtuma kitu. Mama Stoo alikaa mpaka saa kumi na moja, akaaga, akaenda zake nyumbani kwa miguu.