Kona ya ngazi iliyomkataa mama

Leo jeneza la mama limekwama kwenye ngazi za ghorofa letu, hapa Moshi.

Tulimtoa mochwari asubuhi ili aage chumba chake, ghorofa ya tatu, ndipo tumpandishe Tarakea tukamzike kihambani, kwenye shamba la ukoo. Kwetu marehemu hapiti nje ya nyumba yake kama mgeni.

Kona ya kwanza tu, likagoma.

Mimi ni seremala, nikatoa futi, nikapima. Jeneza futi sita na nusu. Kona futi nne.

Mlinzi wa jengo akashauri, "Lisimamisheni wima, kama kabati."

Mjomba akamgeukia. "Huyu ni dada yangu, bwana. Siyo kabati."

Tukashuka na mama kinyumenyume, watu sita.

Chini, jirani yetu Mama Zuhura alikuwa ameshafungua mlango na kusukuma makochi ukutani. "Mleteni kwangu. Hapa pia ni kwake."

Wachora ramani, mlipima kochi na friji. Hamkujua kwamba humu tutafia?

Nanyi mnaokaa ghorofani, kwenu jeneza linapita?

Miaka mitatu mama na jirani yake walisalimiana kwa kupungiana mikono, mmoja juu balkoni, mwingine chini uani.

Leo ndiyo mara ya kwanza mama kuingia kwake.