Boneti Niliyoisugua Kama Sufuria

Harufu ya rangi ya gari hunirudisha utotoni hadi leo. Wiki iliyopita kijana mmoja alikuwa akipaka rangi kwa brashi ndogo kwenye mchubuko wa mlango wa gari langu, na ghafla nikajikuta Kariakoo, nina miaka tisa, waya wa kusugulia masufuria mkononi.

Mama yangu, Mchaga mwenye duka la vitenge vya jumla, alikuwa amenunua gari lake la kwanza. Lilitoka bandarini jeusi tii. Jumapili ile lingempeleka bibi kanisani, mbele ya wote waliomwambia mama kwamba gari ni mambo ya wanaume.

Jumamosi mchana, kunguru akalichafua. Mnawajua kunguru wa mji huu, hawana adabu. Doa lilikuwa limekauka kwenye boneti na maji matupu hayakulitoa. Nami kwa kusugua nilikuwa na jina! Mama alikuwa akipitisha kidole kwenye sufuria juani, akiona weusi kidogo tu ananirudishia: "Bado hiyo. Sugua mpaka ujione."

Basi nikaisugua boneti kwa waya na sabuni mpaka nijione. Msinione mjinga, nilikuwa nakagua povu kama limekuwa jeusi. Lilibaki jeupe. Nikaamua kwamba rangi haitoki, nikaongeza nguvu. Nilipomwagia maji ya mwisho boneti ikang'aa, nikajisifu mwenyewe.

Kisha jua likaikausha. Jamani! Ukungu mweupe ulitanda boneti nzima, mikwaruzo juu ya mikwaruzo. Nikamwagia maji, ukungu ukapotea. Boneti ikakauka, ukarudi. Nilikuwa kwenye ndoo ya tatu mama alipotoka dukani. Alikaa chini ukingoni mwa barabara, na kitenge chake kizuri, mdomo wazi.

Alasiri tulikuwa mtaa wa Gerezani kwa fundi rangi. Alilowesha kidole, akapitisha juu ya mikwaruzo, akaitazama ikipotea na kurudi.

"Rangi ya kiwandani haijaguswa," alisema. "Juu yake kuna vanishi isiyo na rangi, hiyo ndiyo imechubuka. Lakini nani kafanya unyama huu?"

Gereji nzima ikageuka. Nilijibana nyuma ya mama.

"Mimi," mama akasema. "Nilisugua kwa waya wa sufuria."

"Mama Neema!" fundi akamwita kwa jina langu. "Gari siyo sufuria ya makande!"

Walicheka mpaka wakashika magoti. Mama, ambaye sokoni hakuna aliyethubutu kumcheka, alisimama akakipokea kicheko chote. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa boneti. Huyu ndiye aliyewahi kunichapa kwa uongo wa peremende moja.

Fundi aliing'arisha kwa mashine. Kikabaki kiraka kama kiganja pale lilipokuwa doa. Hapo alikataa kuendelea, akasema vanishi imebaki nyembamba, akizidisha ataila rangi yenyewe. Bibi alikwenda kanisani na kiraka chetu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama alidanganya ili kunifichia aibu. Nilikuja kuelewa nilipopata binti wangu wa kumfundisha kusugua. Waya ule alinipa mama, na kipimo cha kung'aa alinipa yeye. Mbele ya fundi alisema ukweli kama alivyouona.

Jioni ya Jumamosi ile niliosha vyombo, nikampelekea mama sufuria yenye doa jeusi chini. Alipitisha kidole, akaliona. Akaiweka kabatini.