Nauli ya Korbesa

Siku hizi bei ya petroli ikipanda, nyumba nzima hunung'unika. Wajukuu hulaani serikali, mwanangu hupiga usukani ngumi. Mimi hunyamaza. Wakiniuliza zamani ilikuwaje, nawaambia ilikuwa rahisi, basi, nao wananiona bibi asiye na hadithi.

Ilikuwa rahisi hivi: mwanzo wa miaka ya sabini, mume wangu alinawa mikono yenye grisi kwa petroli, iliyobaki akaimwaga mchangani. Alikuwa na pikapu kuukuu ya kubeba mizigo na watu. Akija kunywa chai nyumbani, hapa Bulla Pesa, aliliacha gari likinguruma nje, maana betri ilikuwa mbovu na kulisukuma ni taabu. Nikisema mama yangu huko Korbesa hana sukari, haya, twende! Safari ya siku nzima, vumbi na mawe, kwa ajili ya mfuko mmoja wa sukari, na bwana anaimba njia nzima. Ukimwambia ni mbali, anacheka. "Mbali kwa nani? Kwa punda?"

Kisha bei ikapanda. Ikapanda tena. Nyimbo zikaisha. Miaka ya themanini ilipoingia, gari lilikuwa na sheria yake: halitoki mpaka lijae. Sikumlaumu, gari ndilo lililotulisha.

Siku moja mchungaji aliyeleta mbuzi sokoni alipitia kwangu. Baada ya salaam akasema, "Mama yako hali tena. Hata maziwa anatema. Anakuulizia wewe tu."

Nikamwambia mume wangu. Akalitazama gari, hakunitazama mimi.

"Pole, mama watoto. Likijaa tu, tunaondoka."

"Na lisipojaa?"

"Sasa nitie nini kwenye tanki? Mkojo wa ngamia?"

Malori ya watu wengine nayo yalikuwa yamekaa vivyo hivyo, yanangoja mzigo. Basi nikajifunga leso kiunoni, nikaingia duka moja baada ya jingine. Watu wananipa pole ya mgonjwa, mimi nasema asante, lakini huna unga wa kupeleka upande wa Merti na Korbesa? Mwenye duka mmoja akanitania, eti siku hizi nimekuwa tanboi wa bwana, wa kumpakilia mizigo. Nikacheka naye, na kesho yake nikarudi. Nilipata unga, nikapata majani ya chai, nikapata kitanda cha chuma cha bwana harusi. Kila gunia lilipopandishwa nilisema moyoni, bado kidogo, mama, vumilia.

Lilijaa Ijumaa, baada ya swala. Tulipofika Korbesa kesho yake, wanawake walikuja kunipokea kimya kimya, nikajua. Alikuwa amezikwa jana yake. Waliniketisha, wakalia, wakanishika mabega. Mimi nilikuwa nasikiliza watu nyuma yangu wakishusha kile kitanda, mmoja anasema shika vizuri, kitagonga. Nilitaka kulia, wallahi. Hakuna kilichotoka.

Siku ya kurudi mume wangu alipakia mbuzi wa soko na abiria, maana gari halirudi tupu. "Njoo ukae mbele," akaniambia, kwa upole kabisa. Nikapanda nyuma pamoja na mbuzi. Hakuniita mara ya pili.

Bulla Pesa abiria walishuka, wakapanga mstari kumlipa, naye amesimama mlangoni mwa gari anapokea. Nikasimama nyuma yao. Zamu yangu ilipofika nikampa nauli ya Korbesa, kwenda na kurudi, sawa na mtu mwingine yeyote. Nilitaka akatae. Nilitaka anitukane, azitupe zile pesa chini, apige kelele mpaka majirani watoke.

Alizitazama kidogo. Akazitia mfukoni pamoja na za wengine, kisha akaniuliza kama kuna maziwa ya chai. Nikaenda kuwasha moto.