Mfuniko wa Tangi

Mtaani walimwita Msumari tangu usichana wake, kwa sababu akishagongewa mahali hang'oki bila kutoka na kipande cha ubao. Kazi yake ilikuwa kusambaza mikate. Alfajiri alichukua makreti kwenye tanuri karibu na stendi, akayafunga kwa mipira nyuma ya baiskeli, na kabla watoto hawajaenda shule maduka yote ya mlimani yalikuwa yameshapata mikate. Magoti yalipoanza kulalamika kuliko mnyororo, akaamua kununua pikipiki.

Aliuziwa na shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, mtu ambaye angeweza kumuuzia samaki maji. Shemeji alikuwa amejinunulia nyingine ya aina ileile, na ile ya zamani akasema anatafuta mtu wa kuitunza.

"Hii ni ya nyumbani, shemeji," alimwambia akilipangusa tangi kwa kiganja. "Mtu wa nje nisingempa. Sikiliza injini inavyoongea."

Ilikuwa inaongea kweli. Msumari akaichukua bila hata kumwita fundi, maana nani humkagua shemeji yake kama ng'ombe wa mnadani?

Haikuchukua muda, akajua amenunua mbuzi kwenye gunia. Pikipiki ilitoka tanurini vizuri, ikapanda nusu ya mlima, halafu ikaanza kukohoa, ikaishiwa nguvu, ikanyamaza. Alipiga kiki mpaka jasho likamwingia machoni. Akafungua mfuniko wa tangi kuona kama mafuta yamekwisha, akakuta yapo tele. Akafunga, akapumzika kidogo, akapiga kiki tena, nayo ikawaka kama mtoto aliyekwisha sahau kosa lake. Siku za safari fupifupi ilimtii. Siku akiwa na haraka, na hasa akiwa amejaza mafuta, ikamtia aibu mbele ya watu.

Alipomweleza shemeji, yule bwana alicheka taratibu. "Pikipiki ni kama mke. Ni kuzoeana tu."

Msumari akaipeleka kwa fundi mmoja aliyekaa chini ya daraja, ambaye wateja walimwita Polepole na yeye akaitika. Polepole alibadilisha plagi. Ikazima. Akafungua kabureta, akaisafisha, akapuliza kila tundu, ikazima. Akahisi labda koili ya umeme inachoka ikipata joto, akafunga nyingine ya kuazima, na mlimani ikazima palepale ilipozoea. Mwisho akasema injini inakosa mafuta, akazungusha skrubu kuyaongeza. Sasa ikawa inazima na kutoa moshi mweusi juu yake.

"Injini hii ina unafiki," Polepole alisema akijifuta mikono. "Hapa kwangu malaika, ikifika kwako shetani."

Wakati huo wenye maduka walikuwa wamechoka kupokea mikate saa ya chai imepita. Mama mwenye tanuri hakuwa mtu mbaya, lakini mkate hausubiri. Asubuhi moja Msumari alifika akakuta makreti yake ya mlimani yanafungwa kwenye pikipiki ya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa shemeji.

"Riziki haina mwenyewe," shemeji alisema bila kumtazama. "Bora imebaki ndani ya familia."

Msumari alijikaza kisabuni. Akabaki na vibanda vya stendi, vile ambavyo mtu angeweza kuvihudumia kwa miguu. Bado hakuwa na wazo baya. Alidhani ni bahati yake tu imepinda.

Wazo lilikuja na mvua. Ilimkuta barabarani, pikipiki ikazima, naye safari hii hakufungua tangi, kwa kuogopa maji yasiingie. Alisimama chini ya paa la duka lililofungwa, akasubiri. Akapiga kiki: kimya. Akasubiri zaidi, mpaka injini ikapoa kabisa: kimya. Mvua ilipopungua, kwa mazoea tu, akazungusha mfuniko. Tangi likavuta pumzi. Fyuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Akapiga kiki mara moja, ikawaka.

Msumari alisimama pale, maji yakimtiririka mgongoni. Kumbe siku zote hayakuwa mapumziko yaliyoiponya. Ilikuwa ni kule kufungua. Mafuta hayawezi kushuka kama hewa haiingii nyuma yake, na mfuniko huwa na kitundu kidogo cha kuingizia hewa hiyo. Aliugeuza, akautazama kwa ndani. Kitundu kilikuwa kimezibwa kwa gundi ngumu, iliyolainishwa vizuri kwa ncha ya kidole. Alama za kidole zilikuwa bado zinaonekana.

Alimpelekea Polepole. Fundi aliusogeza karibu na macho, akaikwaruza gundi kwa ukucha.

"Uchafu huziba wenyewe," alisema. "Gundi haijipaki."

"Na aliyeipaka alijua itafanya nini?"

"Mama, huyu alijua kuliko mimi." Akachukua sindano. "Lete nitoboe."

"Usiguse," Msumari alisema. "Mali ya watu hiyo. Nitaipeleka kwa mwenyewe."

Jumapili alienda kumsalimia dada yake. Dada alikuwa jikoni; shemeji alikuwa ameosha pikipiki yake mpaka inang'aa, akaingia kuoga akiimba. Msumari aliegesha yake ubavuni mwa ile. Mifuniko yote miwili ilikuwa myeusi, ya kuzungusha, isiyo na kufuli. Akaizungusha yote miwili, akaibadilisha mahali. Kisha akaingia ndani, akala, akasifu mboga, akamuuliza shemeji habari za kazi.

"Kazi inakwenda yenyewe," shemeji alisema.

Haikwenda mbali. Kabla wiki haijakatika, Msumari alimkuta katikati ya mlima amepinda mgongo, anasukuma pikipiki na makreti juu yake, shati limemgandia. Alipunguza mwendo. Polepole alikuwa ameirudisha ile skrubu mahali pake, na injini yake sasa ilinguruma chini kwa chini kama paka aliyeshiba.

"Pole, shemeji."

"Hii kitu inazima bila sababu," alihema. "Yako ilikuwa inafanyaje vile?"

"Yangu ilikuwa plagi."

Akabadilisha plagi. Walipokutana tena, Msumari akamwambia, basi itakuwa kabureta. Baadaye akamshauri aangalie koili. Alimpitisha njia yote aliyopita yeye, hatua kwa hatua, kwa sauti ya upole ya mtu anayemsaidia ndugu, na kila alipomwona na mikono myeusi alilala usingizi mtamu. Siku shemeji aliposema anakaribia kuichoma moto, Msumari alimpigapiga begani. "Ni kuzoeana tu," akamwambia.

Mama mwenye tanuri akamrudishia mlima wake. Hapo angeweza kuacha. Hakuacha. Alitaka amwone naye akipanda mlima kwa baiskeli.

Ndipo dada yake alipokuja mchana mmoja, miguu imevimba na vumbi mpaka magotini. Alikuwa mgonjwa wa presha, na mumewe ndiye aliyempeleka zahanati.

"Imezima njiani wakati wa kurudi," dada alisema akijitupa kwenye kiti. "Akabaki anaipigia kiki. Nimetembea jua lote hili."

Msumari alimletea maji, akapiga magoti, akaanza kumkanda miguu. Ngozi ilibonyea na haikurudi. Alitamani dada amtukane, lakini dada alinywa maji tu. Basi akamwambia yote, kuanzia mvua mpaka Jumapili, bila kuinua macho.

Dada aliweka maji chini, akauliza, "Gundi ya rangi gani?"

"Ya maziwa."

"Aliipaka kwenye meza yangu ya jikoni. Nilimuuliza anaziba nini, akasema mambo ya kiume." Akavaa viatu kwa shida. "Nipeleke nyumbani."

Walimkuta shemeji uani, kabureta imefumuliwa juu ya gazeti. Dada hakupandisha sauti. Alifungua mfuniko wa tangi, akauweka mbele ya mumewe, umelala chali.

Shemeji aliutazama, akamtazama Msumari, akajaribu kutabasamu. "Ulikuwa utani tu, mke wangu. Mimi na shemeji tunataniana."

"Basi cheka," dada alisema. "Tunakusubiri."

Hakucheka. Aliokota vipande vya kabureta kimoja kimoja, masikio yakimwaka.

Pikipiki ile shemeji aliiuza baadaye kwa mtu wa mbali, na Msumari alihakikisha mnunuzi ameonyeshwa kitundu. Yeye alirudi kwenye kazi yake ya zamani ya kubeba mizigo stendi, na wakikutana huwa anapata jambo la kutazama upande wa pili wa barabara. Msumari hajawahi kumwonea huruma, wala hajidai kuwa nayo. Kinachomuuma ni ile miguu ya dada yake. Siku za zahanati hugawa mikate mapema zaidi, akafungua kamba za makreti, akaweka mto mdogo kwenye kiti cha nyuma, akaenda kumchukua.