Kilio Bila Maiti

Maneno ya mchezo hayakunisumbua. Nilikuwa mwepesi wa kushika, na pale shuleni kwetu Kitale niliyajua yote kabla wenzangu hawajamaliza kuyanakili. Shida ilikuwa kilio. Nilipewa nafasi ya mjane, na katika onyesho la pili mjane analetewa habari kwamba mumewe amekufa. Hapo nilitakiwa kulia kilio cha nyumbani, kile kinachomfanya jirani atupe jembe. Mimi nilitoa kasauti ka mbuzi aliyenyeshewa. Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini.

Mwalimu wetu wa drama alikuwa mpole, lakini si wa kubembeleza mtu. Tulipokuwa tukifunga shule kwa likizo fupi ya katikati ya muhula, aliniambia, "Ukirudi bila kilio, nafasi nitampa mwingine." Niliumia sana. Hesabu zilinishinda, mbio sikuziweza, na mchezo huo ndio ulikuwa kitu cha kwanza shuleni nilichokitaka kwa moyo wote.

Likizo hiyo nilienda Bungoma kwa nyanya yangu, Kukhu, ambaye aliishi peke yake upande wa Kibabii. Sikumwambia lolote. Asubuhi alipoenda kuteka maji, nilisimama nyuma ya jiko, nikaweka mikono kichwani kama nilivyoona akina mama wakifanya, nikajaribu. Mara ya kwanza, wapi. Nikajaribu tena, na sauti ikatoka tumboni hata mimi mwenyewe nikashtuka. Nikafurahi, nikaongeza.

Kumbe kwetu kilio hakina mazoezi. Mama jirani ndiye aliyeingia kwanza, leso kiunoni, naye analia tayari. Nyuma yake wakaja wengine, mmoja ana unga mikononi, mwingine amebeba kuni za matanga kabisa. "Ni Kukhu?" wakauliza. Nikasema hapana, ni mchezo wa shule.

"Ati mchezo?" mama jirani akasema, akajifuta machozi polepole. Ningeona shimo la panya hapo ningeingia.

Kukhu alifika akihema, ndoo ameiacha njiani. Alipoelezwa, hakunichapa, ingawa nilishajiandaa. Alisema tu kwamba kilio kikishatoka hakirudi mdomoni, na kikikosa mtu wake kitamtafuta mwingine. Wale akina mama wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikaogopa, maana katika boma lile mtu mwenyewe alikuwa Kukhu tu.

"Babu yako ulimlilia?" akaniuliza.

Sikuwa nimemlilia. Alipofariki nilikuwa kwenye mitihani, na wazazi wangu wakaona nisiambiwe kwanza. Niliambiwa ameshazikwa. Nikasema sawa, nikaendelea na mambo yangu.

"Basi hicho ni chake," akasema. "Twende tumpelekee."

Tukaenda wote hadi kaburini, kando ya migomba. Mama jirani akanielekeza: usianze na kelele, anza kwa kumwita, kisha umuulize umeachiwa nani. Nikamwita babu. Nikamuuliza ni nani sasa atanimenyea muwa. Sikufika swali la pili. Nililia hadi Kukhu akanishika kiuno, na wale akina mama wakaipokea sauti yangu wakaenda nayo. Baadaye zile kuni zilipika chai, wakakaa hadi jioni wakinisimulia ubishi wa babu, na nilicheka siku ileile.

Nilirudi Kitale, nafasi ikabaki yangu. Siku ya mashindano ukumbi wote ulinyamaza, na watu wakanisifu ati najua kuigiza. Niliwaacha waamini hivyo. Hadi leo nikiwakumbuka wale akina mama moyo wangu hujaa shukrani. Walikuja mbio wakiacha kazi zao, wakakuta hakuna maiti, na bado hawakuniacha nilie peke yangu.